Coolidge, prezida aliyefunga mufuko wa Leta

Wandugu wachimbaji, leo tunakumbuka Calvin Coolidge. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1872 mu kijiji kidogo cha Vermont, kule Marekani. Baba yake alikuwa na shamba na duka. Mu Agosti 1923 prezida Harding alikufa, na usiku ule ule ni baba yake ndiye alimwapisha, mu mwangaza wa taa ya mafuta.

Vita ilikuwa imeachia Marekani deni la dola karibu miliari 22. Coolidge alikuwa mutu wa kusema kidogo na kuhesabu sana. Alikuwa anakaa na mukubwa wa bajeti, wanakata matumizi moja moja. Alipunguza kodi. Mara mbili alikataa sheria ya Leta kubeba bei ya mazao. Alipotoka mu 1929, deni lilibaki karibu miliari 17.

Lakini sisi wa sendika tusisahau upande mwingine. Mu 1919, akiwa gavana wa Massachusetts, polisi wa Boston waligoma kwa ajili ya sendika yao. Walifukuzwa, naye alikataa warudishwe. Mu 1925 wachimbaji wa makaa wa Pennsylvania waligoma zaidi ya miezi mitano, mupaka ndani ya baridi. Yeye hakutaka kuingilia.

Alikufa Januari 1933, kazi zikiwa zimekufa kila pahali.

Deni la Leta ni sisi tunalipa, na watoto wetu. Kukata matumizi ni vizuri. Tuulize tu kisu kinaanzia wapi: ku biro ya mukubwa, ao ku sahani ya muchimbaji?