Mobutu: machozi ya N'Sele hayakusema yote

Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1990, huko N'Sele, karibu na Kinshasa, Wazairwa waliona kitu ambacho hawakukizoea: Marshali Mobutu Sese Seko akilia mbele ya kamera. Alikuwa anatangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja, MPR. Katikati ya hotuba sauti ilimkatika, akanyamaza, akajipangusa macho. Wengi waliona hapo mtu aliyeshindwa.

Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 1930. Alikuwa askari wa Force Publique, kisha mwandishi wa habari huko Léopoldville, kabla ya kunyakua madaraka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja mwaka 1965. Alijua vizuri nguvu ya picha. Kofia ya ngozi ya chui, fimbo na abacost vilimsemea kabla hajafungua mdomo. Kwenye televisheni ya taifa, habari zilianza kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni.

Ndiyo maana machozi yale yalishtua inchi nzima. Miezi minne kabla, rafiki yake Nicolae Ceaușescu wa Romania alikuwa ameuawa kwa risasi. Ndani ya Zaïre, raia walikuwa wamemwandikia maelfu ya barua wakilalamikia utawala wake. Uchungu wake huenda ulikuwa wa kweli.

Lakini tarehe 3 mwezi wa tano, siku 9 tu baadaye, alirudi mbele ya wabunge na kupunguza yale aliyoahidi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Mobutu aliendelea kutawala miaka 7 zaidi.

Tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 1997, alikutana na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli Outeniqua, huko Pointe-Noire, mbele ya Nelson Mandela. Kansa ilikuwa imemmaliza nguvu: hakuweza kupanda ngazi, ikabidi gari limwingize melini. Siku 12 baadaye aliondoka Kinshasa. Alikufa Rabat, Morocco, tarehe 7 mwezi wa tisa, akiwa na miaka 66.

Huko N'Sele, uso ulionyesha uchungu, haukuonyesha nia. Waliotazama machozi peke yake walingoja demokrasia. Waliotazama nani amebaki na jeshi na hazina ya inchi walielewa mapema.