Edward Saidi Tingatinga: Mtu Aliyefichwa na Picha Zake

Ukitaja tingatinga hapa Gulwe, watu wanatazama upande wa reli. Kwao tingatinga ni ile mashine kubwa ya kusukuma udongo, inayoletwa mto Kinyasungwe unapofurika na kula tuta la Reli ya Kati. Ndiyo maana likizo iliyopita, tulipowauliza watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kama wanamfahamu Tingatinga, walicheka, na mmoja akatuonyesha kwa mikono jinsi linavyochota kifusi. Hawakukosea. Hata sisi mafrateri, tunaokesha tukibishana uzuri ni kitu gani, wengi wetu tulidhani ni jina la aina ya picha, kama vile batiki. Kumbe ni jina la mtu, na mtu huyo alikufa kifo kibaya.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu, katika familia ya wakulima maskini. Majina yake mawili ya mwanzo, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, yanaieleza Kusini ile vizuri kuliko ambavyo tungeieleza sisi. Shule aliipata kidogo tu. Katika miaka ya 1950 alifuata njia ya vijana wengi wa huko: akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam. Alifanya kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Baada ya Uhuru akahangaika na vibarua na biashara ndogondogo, mboga na matunda, na baadaye akapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Mpaka hapo hakuna lolote ambalo mwandishi wa historia angejisumbua kuliandika.

Mwaka 1968 hivi, akiwa na umri wa miaka kama 36, alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii, na asingeweza kuzinunua. Alichukua hadibodi, zile bodi zinazopigiliwa darini, zikakatwa vipande vya mraba vya futi mbili hivi kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayopakwa kwenye baiskeli. Rangi hiyo ni nzito, inang'aa, na haitaki kuchanganywa taratibu kama rangi za chuoni, ukishaiweka imekaa. Kwa hiyo picha zake hazina vivuli wala umbali. Nyuma kuna rangi moja au mbili tu. Mbele yupo mnyama mmoja, tembo au chui au ndege, ameijaza bodi kiasi kwamba mkia unakaribia kutoka nje, na mwili wake umetapakaa madoa na mistari. Si mnyama kama anavyoonekana mbugani. Ni mnyama kama anavyokumbukwa na mtu aliyekulia karibu na pori na sasa anaishi mjini.

Ulaya, miongo kadhaa kabla yake, walikuwapo wachoraji waliosomea kazi hiyo kisha wakajitahidi kuyasahau waliyofundishwa, ili rangi iseme hisia badala ya kuiga sura ya kitu. Tingatinga hakuwa na cha kusahau. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sanaa ni akili nyofu katika kutengeneza kitu, na kwamba fundi hupimwa kwa kazi yenyewe. Tulilisoma hilo darasani tukalipita haraka. Tulipoitazama picha moja ya mtindo huu kwa makini, tulielewa kwamba akili hiyo nyofu inaweza kukaa hata ndani ya mkebe wa rangi ya baiskeli.

Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi walikuwa hasa wageni: watalii, na wataalamu wa maendeleo waliokuwa nchini, wengi wao wakitoka nchi za Skandinavia. Walizifunga wakaenda nazo kwao. Biashara iliposhika kasi aliwaita ndugu na jamaa kutoka kwao Kusini akawafundisha. Wakakaa naye, wakajaza rangi, wakajifunza madoa. January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah ndio waliokuwa mikononi mwake.

Mwaka 1972 askari polisi walimpiga risasi. Walimdhania mhalifu anayekimbia. Walikosea mtu, naye akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi.

Tunajua frateri akifika hapa kalamu inamvuta aandike juu ya mwingine aliyehesabiwa pamoja na wahalifu. Tumejizuia. Huyu alikuwa na mke, Agatha, na watoto wawili, na kwao kifo kile hakikuwa mfano wa kuhubiriwa.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora palepale, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika chenye jina lake. Leo tingatinga huandikwa kwa herufi ndogo na huuzwa kuanzia Zanzibar hadi viwanja vya ndege. Wanyama wamekuwa wengi katika bodi moja, na Kilimanjaro imeongezwa nyuma kwa ajili ya mgeni. Hatuwalaumu wanaochora hivyo, maana wanalisha familia. Lakini zile za kwanza, zilizotiwa sahihi ya E. S. Tingatinga, sasa zinatafutwa kwa fedha nyingi, na sahihi hiyo imeghushiwa mara nyingi na watu ambao hawakumjua. Aliyechukuliwa kuwa mhalifu akiwa hai anaibiwa akiwa kaburini.

Tuliwasimulia watoto wa Gulwe habari hizi chini ya mwembe, kwa ufupi na bila Mtakatifu Thomas. Walinyamaza kwenye risasi. Kisha msichana mmoja, mtoto wa mama anayeuza karanga stesheni, akataka kujua kama picha iliyouzwa tena Ulaya kwa bei kubwa, yule mzee au watoto wake wanapewa chochote. Tukamjibu kwamba alilipwa mara moja, siku ile aliyoiuza pale nje ya duka.