Profesa Lambo: Daktari aliyebainisha kuwa Mwafrika naye husonona

Kwa miaka mingi madaktari wa serikali za kikoloni waliamini kuwa sonona, au unyogovu kama wengine wauitavyo ugonjwa huo wa huzuni nzito isiyoondoka, ulikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika. Mmoja wa waliolikanusha dai hilo kwa nguvu zaidi alikuwa daktari kutoka Nigeria, Profesa Thomas Adeoye Lambo.

Lambo alizaliwa tarehe 29 Machi 1923 katika mji wa Abeokuta, kusini-magharibi mwa Nigeria. Baada ya masomo ya sekondari mjini humo alikwenda Uingereza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Birmingham, akahitimu mwaka 1948. Alirejea nyumbani kutibu wagonjwa, kisha akaenda tena Uingereza, safari hii London, kubobea katika magonjwa ya akili. Wakati huo Waafrika waliokuwa na utaalamu huo walikuwa wachache mno.

Nadharia iliyotoka Nairobi

Dai alilokutana nalo Lambo lilikuwa na mizizi Afrika Mashariki. Dkt. John Colin Carothers aliiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alieleza kuwa sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaulinganisha mwenendo wao na ule wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo.

Kasoro kubwa ya hoja hiyo ilikuwa katika hesabu yenyewe. Hitimisho lilitegemea watu waliofikishwa hospitalini, na katika zama hizo wengi walifikishwa huko kwa sababu walikuwa wamezusha fujo au kuhatarisha wengine. Mtu mwenye sonona kwa kawaida habughudhi jirani. Hujitenga, hunyamaza, huacha shamba lake likamea magugu, na jamaa zake hudhani amechoka, ni mvivu au amerogwa. Hakuna anayempeleka Mathari, na kwa hiyo hakuhesabiwa.

Lambo alishikilia kuwa tofauti zilizoonekana hazikutokana na ubongo wala rangi ya mtu, bali mila, mazingira na namna kila jamii inavyoyaeleza maumivu yake.

Kijiji kama wodi

Mwaka 1954 alianza kazi Aro, nje kidogo ya Abeokuta, ambako majengo ya hospitali mpya ya magonjwa ya akili yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kusubiri, alizungumza na wenyeji wa vijiji vya jirani wakubali kuwapangisha wagonjwa katika nyumba zao kwa malipo. Sharti lilikuwa moja: kila mgonjwa aje na ndugu yake angalau mmoja, wa kumpikia na kumtunza.

Asubuhi wagonjwa walikwenda hospitali kupata dawa na matibabu mengine, na jioni walirudi kijijini. Huko waliishi miongoni mwa watu wenye afya, wakila chakula walichokizoea na kushiriki ngoma na ibada. Vijiji navyo vilinufaika, kwani hospitali ilisaidia katika huduma za maji na usafi.

Lambo aliwaajiri pia waganga wa jadi, jambo lililowashangaza madaktari wengi wa wakati wake. Hakuwakabidhi tiba yote, kwani wajibu wa kitabibu ulibaki mikononi mwa madaktari. Ila alijua kuwa waganga hao waliielewa lugha ya hofu na imani ya wagonjwa, na kwamba mgonjwa asiyeeleweka ni vigumu kutibika. Kwa njia hiyo mazungumzo na kukaa katika vikundi vikawa sehemu ya tiba pamoja na vidonge.

Jina halipo, ugonjwa upo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lambo alishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, wakiongozwa na Alexander Leighton, kuwachunguza Wayoruba wa Abeokuta na vijiji vyake. Safari hii watafiti hawakungoja wagonjwa hospitalini. Waliwafuata watu majumbani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Watafiti hawakupata neno moja la Kiyoruba lenye maana kamili ya ugonjwa huo kama unavyoelezwa na madaktari. Lakini walipouliza juu ya dalili moja moja, yaani kuishiwa nguvu, kulia mara kwa mara, wasiwasi uliopita kiasi, kukosa hamu ya chakula na kutoona raha ya maisha, watu walizitambua bila taabu. Dalili hizo hazikuwa nadra hata kidogo zilipolinganishwa na zile za wilaya moja ya Canada iliyochunguzwa na Leighton.

Lambo aliwakumbuka pia walio ughaibuni. Aliandika ripoti kuhusu matatizo ya kijamii na kiafya ya wanafunzi wa Nigeria waliokuwa Uingereza na Ireland, vijana walioishi mbali na jamaa ambao wangeweza kuona mapema kuwa mwenzao amebadilika.

Funzo lililobaki

Mwaka 1961 aliandaa mjini Abeokuta mkutano wa kwanza wa wataalamu wa magonjwa ya akili wa Afrika nzima. Baadaye alikuwa profesa, kisha makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan kuanzia mwaka 1968 hadi 1971. Kutoka hapo alijiunga na WHO, shirika lile lile lililokuwa limechapisha kitabu cha Carothers, na akawa naibu mkurugenzi mkuu wake kuanzia mwaka 1973 hadi 1988.

Ushahidi wa tiba ya mazungumzo uliendelea kukua, ukiwemo uliotoka Afrika Mashariki. Mwaka 2002 watafiti waliendesha jaribio katika vijiji 30 vya kusini-magharibi mwa Uganda. Wenyeji waliopewa mafunzo mafupi waliongoza vikundi vya watu wenye sonona vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16. Walioshiriki walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuwa katika vikundi hivyo. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe majina ya maradhi hayo, wakatajiwa maneno ya Kiganda yenye maana ya kujichukia na kujihurumia.

Leo wataalamu wanashauri kwamba huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kunakodumu wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, uchovu, kujilaumu au fikra za kifo, ni sababu ya kumwona mhudumu wa afya. Wapo ambao huzuni yao hupishana na vipindi vya uchangamfu uliopindukia, kutolala na kutumia fedha ovyo. Hao nao wana ugonjwa wa hisia unaotibika, ingawa dawa zake ni tofauti. Na kwa wengi dalili ya kwanza ni ya mwili: kichwa kuuma, mgongo, au joto lisilo na homa. Anayezungumzia kutaka kujiua asiachwe peke yake, na msaada utafutwe mara moja.

Profesa Lambo alifariki dunia mwezi Machi 2004, akiwa na umri wa miaka 80. Hospitali ya Aro ingali inapokea wagonjwa.