Je, Biblia Nyumbani Mwenu Inasomwa na Nani?



Katika kazi yangu ya ukatekista nimewafundisha wachumba wengi, na karibu wote huniahidi kwamba watasoma Neno la Mungu pamoja. Ukiwatembelea baada ya mwaka mmoja, unaikuta Biblia juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na ndani yake mmewekwa vyeti vya ubatizo na risiti za karo. Mume atakuambia kusoma ni kazi ya mama watoto. Mama naye atasema padre huwaeleza Jumapili. Basi leo sitawapa mashauri mengi. Nataka niwasimulie habari za mume mmoja na mkewe, watu wa shamba na ng'ombe kama wengi wetu.

Franz Jägerstätter alizaliwa tarehe 20 Mei 1907 katika kijiji cha St. Radegund, Austria, karibu na mpaka wa Ujerumani. Mama yake hakuwa ameolewa, na baba yake alikufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nyanya yake ndiye aliyemlea, mpaka mama alipoolewa mwaka 1917 na mkulima aliyempa kijana huyu jina lake. Usidhani, msomaji, kwamba Franz alikuwa mtakatifu tangu utotoni. Alikwenda kufanya kazi katika machimbo ya chuma, akarudi nyumbani, akawa mtu wa kwanza kijijini kumiliki pikipiki. Mwaka 1933 alizaa mtoto wa kike nje ya ndoa. Nayataja haya kwa sababu nawajua waume wanaoona kwamba Biblia ni ya wale wasio na doa.

Siku ya Alhamisi Kuu, 9 Aprili 1936, alifunga ndoa na Franziska Schwaninger, binti aliyewahi kufikiria kuingia utawa. Baada ya harusi walisafiri hadi Roma. Waliporudi shambani walianza kusali pamoja kila siku, na Biblia ikawa kitabu chao cha maisha ya kawaida, kama vile jembe lilivyo la kila siku. Franz alibadilika hata watu wakashangaa. Mama mkwe alimlaumu Franziska kwamba amemgeuza mwanawe awe mtu wa dini kupita kiasi. (Akina mama, nadhani hili si jambo geni kwenu.)

Mungu aliwajalia mabinti watatu. Lakini Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na tarehe 10 Aprili wananchi wakaitwa kupiga kura kukubali nchi yao iunganishwe na Ujerumani. Kijiji kizima kilikubali. Franz peke yake alikataa. Matokeo yalipotangazwa, ile kura yake moja haikutajwa kabisa.

Mwaka 1940 padre wa parokia yao, Josef Karobath, alikamatwa kwa ajili ya mahubiri yake, na baadaye hakuruhusiwa kurudi parokiani. Fikirini jambo hilo. Mchungaji ameondolewa, na waumini wamebaki na yale waliyokuwa wamejiwekea moyoni tu. Aliyekuwa akingoja kuelezwa Jumapili alibaki mikono mitupu.

Mwaka huohuo Franz aliitwa jeshini, akafundishwa uaskari, kisha Aprili 1941 akaruhusiwa kurudi shambani. Alikuwa amesikia jinsi Wanazi walivyowaua wagonjwa wa akili, na alikuwa ameona kwamba vita vile ni vya kunyang'anya nchi za watu. Akaamua kwamba akiitwa tena hatapigana. Wakati huo alikuwa mtunza sakristia, akihudhuria Misa kila siku.

Hapo ndipo watu walipomjia na Maandiko. Walimkumbusha Waraka kwa Warumi, sura ya 13, juu ya kutii wenye mamlaka. Kama angekuwa anaijua Biblia kwa kusikia tu, shauri lingeishia hapo. Lakini alikuwa ameisoma mwenyewe, naye alijua pia jinsi Mitume walivyojibu mbele ya Baraza kwamba wa kutiiwa kwanza ni Mungu. Aliketi na kuandika mawazo yake katika madaftari, swali baada ya swali. Akaenda pia kwa mapadre, hata kwa Askofu wa Linz, ambaye alimshauri aiangalie zaidi familia yake. Simtaji Askofu ili tumlaumu, kwa maana zilikuwa siku za hofu kubwa. Franz mwenyewe hakuwahukumu viongozi wake, wala hakuliacha Kanisa. Aliomba shauri kama inavyompasa Mkatoliki, kisha akarudi nyumbani akijua kwamba hakuna atakayejibu mbele za Mungu kwa niaba yake.

Wewe labda hutaitwa vita vya namna hiyo. Lakini ukoo utakuja kudai mume aongeze mke kwa sababu hamna mtoto wa kiume. Usiku wa kuamkia uchaguzi mtu atabisha mlangoni na bahasha. Saa hiyo padre yuko mbali, na katekista nimelala. Mtakuwa ninyi wawili tu. Kwa hiyo anzeni sasa, robo saa baada ya chakula cha jioni, kwa Injili ya Marko ambayo ni fupi, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza. Msipoelewa mahali, andikeni swali mlilete kwenye jumuiya.

Februari 1943 barua ya jeshi ilifika. Mwanzoni Franziska alikuwa amemsihi mumewe abadili nia. Ni nani asingemsihi? Lakini alipoona kwamba watu wote wanampinga, alikataa kuwa mmoja wao, kwa maana mumewe angebaki hana mtu. Alimsindikiza hadi stesheni ya Tittmoning, wakakumbatiana mpaka gari la moshi likaanza kuondoka.

Franz alikuwa tayari kuhudumia majeruhi bila kushika silaha, lakini hawakumkubalia. Tarehe 6 Julai 1943 mahakama ya kijeshi mjini Berlin ilimhukumu kifo. Franziska alisafiri kwenda kumwona kwa dakika chache. Padre aliyefuatana naye alijaribu kumgeuza, naye hakugeuka. Alikatwa kichwa huko Brandenburg tarehe 9 Agosti 1943, akiwa na miaka 36. Binti yake mkubwa wa ndoa hakuwa ametimiza miaka sita.

Franziska alibaki na shamba, watoto, mama mkwe, na kijiji kilichomlaumu kwa kifo cha mumewe. Malipo ya wajane alinyimwa hadi mwaka 1950. Kazi ya sakristia aliyoiacha Franz aliishika yeye. Hukumu ile ilifutwa na mahakama ya Berlin mwaka 1997, na tarehe 26 Oktoba 2007, katika kanisa kuu la Linz, Franz alitangazwa Mwenye Heri. Mkewe alikuwapo, mwenye miaka 94. Aliaga dunia mwaka 2013, akiwa ametimiza miaka 100.