Mzungu wa Kazi na mashua iliyokatwa katikati

Aghalabu jina la Alexander Mackay hutajwa pamoja na mahubiri na historia ya Kanisa nchini Uganda. Mimi si mwanatheolojia wala mhandisi. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo, naona kwamba maisha ya bwana huyu hayaeleweki sawasawa mpaka tuyatazame kutoka upande wa karakana yake.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, akiwa mwana wa mchungaji. Moyo wake ulielekea kwenye vyuma. Alisomea ualimu, kisha uhandisi mjini Edinburgh, na mnamo 1873 akaenda Berlin kuchora ramani za mitambo. Novemba 1875 barua ya Stanley ilitangazwa katika gazeti moja la London, ikiomba walimu wenye ujuzi wa mikono waende kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Mackay alijitolea, na Mei 1876 alikuwa amekwisha kutia nanga Unguja.

Maradhi yalimrudisha pwani, naye hakukaa bure: alisimamia ufyekaji wa njia ya maili 230 kutoka Saadani hadi Mpwapwa. Alipofika Kagei, kusini mwa Ziwa Victoria, mnamo Juni 1878, wenzake wawili, Smith na O'Neill, walikuwa wamekwisha kuuawa Ukerewe Desemba iliyotangulia. Shehena ya msafara wao ilikuwa imerundikwa ovyo: vipande vya injini vyenye kutu, vitabu, herufi za chapa, vifaa vya uhunzi. Mackay aliketi akavichambua na kuviunganisha.

Palikuwapo pia mashua iliyoitwa Daisy, iliyosafirishwa vipande vipande kutoka Uingereza. Mbao zake zilikuwa zimeachana kwa jua. Aliziba nyufa, na Agosti akatweka tanga pamoja na mwenzake Wilson kuelekea Buganda. Dhoruba ikawatupa kwenye ufuo wa magharibi, mashua ikavunjika vibaya. Duka la karibu la kununulia ubao wa aina ile lilikuwa Unguja, safari ya miezi kwa miguu. Wakafanya jambo ambalo fundi mwoga asingethubutu: waliikata mashua katikati, wakaondoa kipande cha futi 8 hivi, wakaisogeza omo ikutane na tezi, kisha mbao za kile kipande kilichotolewa wakazitumia kuwa viraka vya ncha mbili zilizosalia. Kazi hiyo ilichukua majuma manane. Mashua ilitoka fupi kuliko ilivyoingia, lakini Novemba 1878 iliwafikisha Buganda.

Nakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu ninasikitishwa na mazoea yetu ya kuiacha mashine nzima ikiota kutu huku tukingoja kipuri kutoka ng'ambo. Fundi wa jua kali wa Kamukunji hana haja ya kufundishwa haya. Yeye haulizi kipande kilichovunjika kinaitwaje katika orodha ya kiwanda. Huuliza kilikuwa kikifanya kazi gani. Ni sisi wenye shahada tunaohitaji kuuliza swali hilo.

Buganda, Mackay alijikuta na upungufu mwingine, nao unanihusu kwa karibu zaidi. Mafundisho yake ya awali barazani kwa Mutesa aliyatoa kwa Kiswahili, akisoma tafsiri za Askofu Steere wa Unguja. Baadaye alitaka watu wasome Kiganda, ilhali herufi za chapa alizokuwa nazo hazikutosha. Akachonga nyingine za mti kwa mkono wake. Wasiojua uchapaji huenda wasione uzito wa jambo hili. Kasha la herufi lililopangwa kwa ajili ya Kiingereza hujaa e na t. Lugha zetu za Kibantu, pamoja na viambishi vyake vya ngeli, humaliza a, k na w kabla ukurasa haujajaa. Hivyo hata kasha kamili la Mwingereza huwa pungufu mbele ya Kiganda.

Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Namasole, mamaye Mutesa, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeagizwa kutengeneza jeneza kubwa la shaba, akaipata shaba hiyo kwa kufua sinia na vyombo vya ikulu. Tusisahau kwamba wahunzi wa Buganda walikuwa mahodari kabla hajafika.

Ustadi huo ulimlinda, na hapa ndipo penye uchungu. Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na Mwanga. Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa moto, na mwaka 1886 wakafuata wengi zaidi, Wakatoliki na Waprotestanti, hasa Namugongo. Mackay alibaki hai, kwa kiasi kikubwa kwa kuwa mfalme aliihitaji mikono yake. Wanafunzi wake hawakuwa na ngao hiyo. Katika miezi hiyo ya hofu aliendelea kupiga chapa kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda. Wala simfanyi malaika: aliandika barua kuihimiza Uingereza iingilie kati mambo ya eneo hili, na matokeo yake twayajua.

Julai 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Stanley alipopita huko mwaka 1889 akirejea pwani na Emin Pasha, alimkuta fundi huyu katikati ya vyuma vyake, akijenga chombo cha mvuke cha kuvukia ziwa. Homa ilimwua Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40, kabla chombo hicho hakijashuka majini. Mifupa yake ilihamishiwa Namirembe baadaye.