MFALME ASIYEZEEKA: MAISHA YA MENELIK WA PILI

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya mfalme ambaye wengi wetu tunamjua kwa vita vya Adwa, na wachache wetu tunaopenda gemu tunamjua kwenye tarakilishi. Huyu si mwingine ila Menelik wa Pili, mfalme wa wafalme wa Uhabeshi. Nimemchagua kwa sababu alikuwa jirani wa babu zetu, na si kila mara alikuwa jirani mwema. Pia maisha yake yanaonyesha jambo ambalo gemu yake haionyeshi, yaani vile kuzeeka kwa mtu mmoja kunaweza kutikisa nchi nzima.

Hebu nianze na gemu yenyewe. Inaitwa Civilization VI, ilitoka mwaka wa 2016, na Menelik akatiwa ndani mwezi wa Julai 2020. Ukimchagua, unaanza naye miaka 4000 kabla ya Nabii Isa na unaweza kufika naye mwaka wa 2050. Unajenga miji, unavumbua gurudumu, unarusha roketi, na Menelik ni yule yule. Hapati mvi hata moja, haugui, wala haulizwi ni nani atamrithi. Mimi nikimcheza kwa tarakilishi ya kaka yangu hujisemea kwamba kama angekuwa hivi kweli, historia ya pembe hii yetu ya Afrika ingekuwa nyingine kabisa.

Menelik wa kweli alizaliwa Agosti 1844 katika nchi ya Shewa, na jina lake la utotoni lilikuwa Sahle Maryam. Baba yake, Haile Melekot, alikuwa mfalme wa Shewa. Mwaka wa 1855 Mfalme Tewodros aliivamia Shewa, baba akafariki, na kijana wa miaka kumi na mmoja akachukuliwa mateka hadi ngome ya Magdala juu ya mlima. Alikaa huko karibu miaka kumi. Ajabu ni kwamba Tewodros hakumtesa. Alimlea, akamsomesha, hata akamwoza binti yake. Lakini mateka ni mateka. Mwaka wa 1865 Menelik alitoroka, akamwacha mke wake nyuma, akarudi Shewa na kujitangaza mfalme akiwa bado kijana wa miaka ishirini na mmoja hivi.

Basi akaanza kungoja. Sifa yake kubwa, nionavyo mimi, ilikuwa subira. Tewodros alijiua mwaka wa 1868 Waingereza walipoingia Magdala. Baadaye akatawala Yohannes wa Nne, na Menelik, badala ya kupigana naye mpaka mwisho, alikubali mwaka wa 1878 kuwa chini yake. Wakati huo alikuwa akipanua nchi yake kusini na mashariki na kununua bunduki kwa Wazungu. Mwaka wa 1886 mji wa Addis Ababa ulianzishwa, na mke wake Taytu ndiye aliyependa mahali pale penye chemchemi za maji moto. Yohannes aliuawa Metemma Machi 1889 akipigana na Wamahdi wa Sudan. Menelik akawa mfalme wa wafalme akiwa na miaka arubaini na minne.

Mwaka huo huo aliandikiana mkataba na Waitaliano mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Kwa Kiamhari, Menelik angeweza kuwatumia Waitaliano kupeleka maneno kwa nchi za Ulaya akitaka. Kwa Kiitaliano, alilazimika kupitia kwao. Si mchezo! Neno moja tu liliifanya nchi nzima kuwa chini ya Italia. (Sisi wa Chama cha Kiswahili tujue basi kwamba tafsiri si jambo la mzaha.) Menelik aliukataa mkataba ule, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yakakutana Adwa. Waitaliano hawakufika 20,000, Wahabeshi wanakadiriwa kufika 100,000. Kabla ya jioni Italia ilikuwa imeshindwa, na Oktoba mwaka huo ikakubali kwamba Uhabeshi ni nchi huru. Habari hiyo ilienea duniani kote, na watu weusi waliokuwa mbali huko Marekani waliifurahia.

Hapa lazima niseme na upande wetu, maana mwenzangu mmoja darasani aliniuliza kwa nini namsifu mtu huyu. Januari 1887 Menelik aliuteka mji wa Harar, mji wa Kiislamu wenye ukuta na wanazuoni wake, na kutoka hapo majeshi yake yakaingia Ogaden na kuchukua mifugo ya Wasomali. Kati ya 1888 na 1892 sotoka iliua ng'ombe wengi mno Uhabeshi, njaa ikaingia, na wanajeshi wenye njaa walikula cha wengine. Mwaka wa 1907 yeye na Waingereza waliafikiana juu ya mpaka ambao leo unatenganisha Kenya na Ethiopia. Mfugaji aliyekuwa akifuata mvua na visima akaambiwa upande ule ni wa Menelik na upande huu ni wa Mwingereza. Kwa hivyo shujaa wa Adwa alikuwa pia mtekaji. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuchagua nusu moja tu.

Sasa nifike pale nilipotaka. Baada ya Adwa Menelik alikuwa kama hawezi kushindwa. Reli kutoka Djibouti ilifika Dire Dawa mwaka wa 1902. Simu na benki zikaja, na mwaka wa 1908 ikafunguliwa shule yenye jina lake. Lakini mwili haujui Adwa wala reli. Mwaka wa 1906 alifariki Ras Makonnen, binamu yake aliyetawala Harar, ambaye wengi walidhani ndiye atakayemrithi. Menelik hakuwa na mwana wa kiume aliyekuwa hai. Naye afya yake ilikuwa imeanza kudhoofika, kiharusi kikimnyemelea. Mwaka wa 1907 aliunda Baraza la Mawaziri la kwanza ili kazi ya serikali isimtegemee yeye peke yake.

Msomaji, angalia ajabu hii. Katika ile gemu, uwezo maalumu wa Menelik umepewa jina la Baraza la Mawaziri. Wanaocheza wanaona ni nguvu tu za kuongeza elimu na kupigana vyema vilimani. Kumbe baraza la kweli liliundwa na mzee aliyekuwa akiona jua lake linatua!

Mwaka wa 1909 alimtangaza mrithi wake, mjukuu wake Iyasu, kijana wa miaka kumi na minne. Mwezi wa Oktoba mwaka huo kiharusi kikubwa kilimwangusha, na hakuweza tena kutawala. Taytu akajaribu kushika hatamu, lakini Machi 1910 wakubwa wa nchi walimwondoa. Ras Tessemma, aliyewekwa kumshikia kijana nchi, alifariki mwaka wa 1911. Na Menelik? Alilala ndani ya jumba lake, yu hai lakini hatawali, huku watu nje wakinong'ona kwamba amekwisha kufa. Alifariki kweli tarehe 12 Desemba 1913, akiwa na miaka sitini na tisa. Kifo hakikutangazwa. Mtu aliyewashinda Waitaliano hakupata mazishi ya kifalme, kwa kuwa wenye nchi waliogopa yatakayofuata.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Iyasu alitawala bila kuvishwa taji. Septemba 1916, alipokuwa Harar, wakubwa walimwondoa, wakimshutumu kwamba ameegemea Uislamu. Mwezi uliofuata jeshi la baba yake lilishindwa huko Segale, na maelfu ya watu wakafa. Zewditu, binti wa Menelik, akawa malkia, na Tafari, mwana wa yule Ras Makonnen, akawekwa kuwa mrithi wake. Tafari huyo ndiye tunayemjua kama Haile Selassie, aliyetawazwa mwaka wa 1930. Zewditu ndiye aliyemjengea baba yake kaburi la heshima mjini Addis Ababa, na huko ndiko Menelik alikolala mpaka leo.

Iko gemu nyingine, Crusader Kings III ya mwaka wa 2020, ambayo wafalme wake huzeeka. Hupata magonjwa, huweza kulemaa hata wasitawale, na wakifa unaendelea kucheza kama mrithi. Mtoto akirithi, mtu mwingine humshikia nchi na wakubwa wenye tamaa huanza njama. Si ndiyo hadithi ya Menelik hasa? Lakini gemu hiyo huishia mwaka wa 1453, miaka 391 kabla yeye hajazaliwa. Kwa hivyo gemu inayojua kifo haimjui Menelik, na gemu inayomjua Menelik haijui kifo.

Nionavyo mimi, ushindi wa Adwa ulichukua siku moja, lakini swali la nani atafuata lilimshinda Menelik kwa miaka. Hata hapa Habaswein tunajua, mzee mwenye kujua visima na mapatano ya malisho akiondoka bila kumfundisha mtu, ukoo wote hubaki ukibahatisha. Ndiyo maana nawaomba wenzangu, tukimaliza kazi ya zamu yetu katika chama hiki, tuwaonyeshe wa Kidato cha Pili vile jarida linavyotengenezwa, wangali wanatuona.

Walimu wetu wa Historia, mkalamu wenu mwekundu naungojea.

Mwanachama, Kidato cha Tatu