Desa la Taketsuru

Mimi wiski sinywi, ila kuna mtu mmoja wa wiski namheshimu sana: Masataka Taketsuru. Alizaliwa 1894 huko Takehara, mkoa wa Hiroshima, Japani, kwenye familia iliyotengeneza sake, ile pombe ya mchele.

Mwaka 1918 kampuni aliyoifanyia kazi ilimtuma Uskoti akajifunze wiski inavyopikwa. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Glasgow, lakini hakuondoka na shahada. Alichokifuata kilikuwa viwandani. Longmorn walimpokea kwa siku chache, baadaye Hazelburn, mjini Campbeltown, kwa miezi kadhaa. Kila alichokiona alikiandika daftarini, na mitambo akaichora. Hilo ndilo lilikuwa desa lake, na hakulinakili kwa mtu.

Mwaka 1920 alimwoa Rita Cowan, binti wa Kiskoti, ingawa familia zote mbili zilipinga. Walipofika Japani walikuta uchumi umeyumba, na kampuni ikaachana na mpango wa wiski. Yaani jamaa amepiga msuli ughaibuni, karudi, kazi aliyotumwa haipo tena. Mwaka 1923 Shinjiro Torii akamwajiri amjengee kiwanda cha Yamazaki, karibu na Kyoto. Wiski yao ya kwanza, ya 1929, haikuuzika. Wanywaji waliona ina moshi mno.

Mwaka 1934 Taketsuru aliondoka akaanzisha kiwanda chake Yoichi, kisiwani Hokkaido. Ni mbali na wateja, lakini baridi ya pale ilifanana na ya Uskoti. Shida ni kwamba wiski hulala miaka kwenye mapipa ya mbao, na mishahara hailali. Basi wakauza kwanza juisi ya matufaha. Jina Nikka lenyewe ni kifupi cha Nippon Kaju, yaani juisi ya Japani. Wiski ikatoka 1940.

Rita alifariki 1961, Taketsuru 1979. Yoichi bado wanachochea makaa ya mawe kwa koleo chini ya mitungi ya shaba, njia ambayo viwanda vingi vimeshaiacha.

Wengi wetu tunaenda mafunzo kwa vitendo kutafuta sahihi ya msimamizi. Taketsuru alitoka Glasgow bila cheti, ila daftari lake lilitosha kujengea kiwanda. Daftari zetu zitajenga nini?